Siku za kimya baada ya jino la mbwa



Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa na haki za majirani. Juma hili tunamzungumzia jirani ambaye wengi wetu hatukumwalika, lakini hakuna mtaa usio naye: mbwa. Hapa Nyarugusu mbwa wako kila mahali. Wako kwenye maduara ya dhahabu, wakilinda mifuko ya mawe usiku. Wako nyuma ya makundi ya ng'ombe wa jirani zetu Wasukuma. Wako majalalani, nyuma ya mabucha na vibanda vya mama lishe. Baadhi yao wana wenyewe, wengine hawajulikani ni wa nani, na watoto wetu wanaokwenda madrasa hupita katikati yao kila siku.

Mtoto anapong'atwa, swali linaloletwa kwa kamati ya msikiti mara nyingi huwa moja: nguo zake zitoharishwe vipi? Ni swali jema, na anayeuliza amefanya vyema kujali tohara. Lakini liko swali linalopaswa kulitangulia: je, jeraha limeoshwa kwa sabuni, na mtoto amepelekwa kupata chanjo? Nguo iliyonajisika inaweza kusubiri hadi jioni. Jeraha halisubiri. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini, kwa mujibu wa mambo yaliyothibitishwa na wataalamu waliowachunguza wanyama kwa miaka mingi, wakiwamo waliofanya kazi hiyo katika ardhi ya Tanzania.

Ugonjwa unaoatamia

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa njia ya jino, kwa mkwaruzo, au mate yanapogusa kidonda, jicho au mdomo. Kikishaingia, hakisambai kwa njia ya damu kama vijidudu vya malaria. Hushika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye uti wa mgongo na ubongo. Kikifika kwenye ubongo, hushuka tena kwa mishipa hiyo hiyo hadi kwenye tezi za mate, na hapo mnyama huyo huwa tayari kumwambukiza mwingine.

Safari hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita kipindi cha uatamio. Jina hilo limepata mahali pake, kwa kuwa kuku anapoatamia, nje ya yai huoni kitu, ilhali ndani kazi inaendelea. Kwa binadamu, kipindi hicho mara nyingi ni miezi miwili hadi mitatu. Chaweza kuwa kifupi kama wiki moja, na chaweza kufika mwaka au kupita. Aliyeng'atwa mguuni kwa kawaida hukaa muda mrefu zaidi kuliko aliyeng'atwa usoni, kichwani au mkononi, kwa sababu njia ya kufika ubongoni ni ndefu. Mzazi na atafakari hapa: mtoto ni mfupi, na mbwa anaporuka humpata usoni na kichwani. Siku zake za kimya ni chache kuliko za mtu mzima.

Katika siku hizo jeraha hufunga, mtoto hucheza, na familia husahau. Kisha huja homa, maumivu au muwasho pale palipong'atwa, wasiwasi, kukosa usingizi, na koo kukaza kwa kuyaona maji tu. Dalili zikishadhihiri, hakuna dawa inayojulikana ya kuuponya ugonjwa huu. Mgonjwa karibu daima hufariki, na mara nyingi ni ndani ya siku chache.

Kwa kuwa jino lilipita miezi miwili nyuma, wapo wanaoona dalili hizo na kusema ni jini, au ni mkono wa mtu. Kuwepo kwa majini ni katika imani yetu, nasi hatukanushi. Lakini si kila anayeogopa maji amepagawa. Kisomo hakizuiwi, na dua haina wakati usiofaa. Linalozuiwa ni kukifanya kisomo kuwa kisingizio cha kutokwenda hospitali siku ile mtoto alipong'atwa, wakati kinga ilikuwa bado inawezekana.

Sungura, mbwa na mtoto wa miaka tisa

Ugonjwa huu si mgeni katika elimu ya Waislamu. Matabibu wetu wa kale, akiwamo Al-Razi na Ibn Sina, waliueleza katika vitabu vyao na kutaja ile hofu ya maji. Walichokosa ni njia ya kuuzuia. Njia hiyo ilipatikana katika karne ya kumi na tisa nchini Ufaransa, na ilipatikana kwa kuwachunguza wanyama.

Mwaka 1879 tabibu wa mifugo wa mji wa Lyon, Pierre-Victor Galtier, alionesha kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kuhamishiwa kwa sungura, mnyama aliye rahisi na salama zaidi kuchunguzwa kuliko mbwa. Louis Pasteur na msaidizi wake Émile Roux waliendelea kutoka hapo. Walikihamisha kirusi kutoka sungura mmoja hadi mwingine mara nyingi, mpaka kipindi cha uatamio kikafupika na kutulia katika muda wa takriban siku saba. Kisha wakachukua uti wa mgongo wa sungura waliokufa na kuukausha kwa hewa. Kadiri ulivyokauka, ndivyo makali ya kirusi yalivyopungua. Mbwa walidungwa kwanza ule uliokauka sana, kisha ule uliokauka kidogo, hatua kwa hatua, na mwishowe wakawa hawadhuriki. Pasteur alieleza kuwa mbwa 50 walikingwa kwa njia hiyo.

Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa vibaya na mbwa siku mbili kabla. Mtoto huyo alidungwa mara 13 kwa muda wa siku kumi hivi, naye akaishi.

Zingatieni jambo lililofanya hilo liwezekane. Chanjo nyingi mtu huipata kabla ya kukutana na ugonjwa. Hii yaweza kutolewa baada ya jino, kwa sababu kirusi ni mwendo wa kobe: mwili uliochanjwa upesi hutengeneza askari wake kabla adui hajafika ubongoni. Zile siku za kimya, ambazo kwa mzembe ni mtego, kwa mwenye kuharakisha ni fursa aliyotujaalia Mwenyezi Mungu. Fursa hiyo ina mlango, na mlango hufungwa dalili ya kwanza inapotokea.

Mbwa aonekanaye mzima

Wapo wanaosema: "Tumngoje mbwa kwanza. Akiugua, ndipo tutakwenda." Kauli hiyo ni ya hatari, na uchunguzi umeonesha hivyo. Mwaka 1982 mtaalamu wa mifugo kutoka Ethiopia, Makonnen Fekadu, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapima mate mbwa walioambukizwa kwa makusudi ya utafiti. Baadhi ya mbwa waliopewa kirusi kilichotoka Ethiopia walikuwa wakitoa kirusi katika mate yao hata siku 13 kabla ya kuonesha dalili yoyote. Alikuwa akila na kutikisa mkia, na mate yake tayari yanaua.

Kwa hiyo utaratibu wa madaktari ni huu: aliyeng'atwa huanza chanjo mara moja. Mbwa, akiwa anajulikana na anaweza kufungwa, huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima hadi mwisho wa muda huo, daktari ndiye anayeamua kama dozi zilizobaki zisitishwe. Kumchunguza mbwa kwaweza kuwa sababu ya kusimamisha chanjo, lakini si sababu ya kuichelewesha.

Serengeti walihesabu

Katika ukanda wetu huu wa Ziwa, mkoani Mara, umefanyika mmoja wa uchunguzi mkubwa wa kichaa cha mbwa duniani. Tangu mwaka 2002 watafiti wa Kitanzania na wa kigeni, miongoni mwao Katie Hampson na Sarah Cleaveland, walifuatilia kila habari ya mtu au mnyama aliyeng'atwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani aling'atwa, na mbwa yupi, lini, na mbwa huyo alitokea wapi? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba kwa mbwa, uatamio huchukua kwa wastani siku 22, na akishaugua huambukiza kwa wastani wa siku tatu tu kabla ya kufa au kuuawa. Kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa alimwambukiza mwenzake mmoja na ushei.

Hesabu hiyo ni habari njema. Moto unaorukia nyumba moja na ushei huzimika upesi kuliko unaorukia kumi. Ndiyo maana wataalamu husema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kukimbilia. Kila mwaka, kwa sababu mbwa hufa mapema na vitoto huzaliwa kwa wingi, na kitoto kilichozaliwa baada ya chanjo hakina kinga.

Hesabu hiyo hiyo inajibu pendekezo linalosikika kila mara mtu anapong'atwa: wauawe mbwa wote. Mbwa aliyethibiti kuwa na madhara, sheria yetu imeruhusu aondolewe, na mafundisho ya Mtume (SAW) juu ya hilo yanajulikana. Lakini kuwaua mbwa kwa jumla hakujaukomesha ugonjwa huu. Nafasi ya waliouawa hujazwa na vitoto na mbwa wahamiaji wasiochanjwa, na miongoni mwa waliouawa wamo waliokwisha kuchanjwa, ambao ndio waliokuwa ukuta wetu.

Funzo la Pemba

Huenda msomaji akasema kuwa Serengeti ni nchi ya wafugaji na wawindaji, haifanani na jamii ya Kiislamu. Basi na tuitazame Pemba, kisiwa ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu, na mbwa si wengi. Huko nako kichaa cha mbwa kilikuwapo na kiliua. Watafiti wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara walifuatilia ugonjwa huo kisiwani kuanzia 2010 hadi 2020, kwa kuwahoji watu na kwa kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe. Mwaka 2010 ilikuwapo minyororo mitano ya maambukizi. Mbwa wa kisiwa kizima wakawa wanachanjwa kila mwaka, na kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Kisha ikaja ghafla ya usalama. Chanjo ya mbwa ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kirusi kiliingizwa tena kisiwani mara mbili, na mlipuko ukazuka upya. Chanjo ikarejeshwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ugonjwa ukaondoka tena. Ndugu zetu wa Pemba wametufunza mambo mawili: kwamba Waislamu wanaweza kuufukuza ugonjwa huu bila kuacha chembe ya dini yao, na kwamba anayelala baada ya ushindi huamshwa na msiba.

Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kilivamiwa tena, seuze Nyarugusu, ambako wachimbaji huingia na kutoka kila siku, kila mmoja akitokea wilaya yake, na wengine wakija na mbwa wao.

Chanjo na mtungi wa maji

Kwa vijiji vyetu kikwazo kimojawapo kimekuwa ni baridi. Chanjo huhifadhiwa katika jokofu, na si kila kijiji kina umeme wa kutegemewa. Hapa napo uchunguzi kwa wanyama umetusaidia. Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachanja mbwa nchini Tanzania kwa chanjo iliyokaa nje ya jokofu kwa makusudi. Chanjo hiyo, iliyokaa kwenye nyuzijoto 25 kwa miezi sita, au nyuzijoto 30 kwa miezi mitatu, iliwapa mbwa kinga isiyopungua ile iliyotunzwa kwenye baridi. Baadaye mtafiti wa Kitanzania, Ahmed Lugelo, pamoja na wenzake walitengeneza chombo cha kupoza chanjo hiyo bila umeme, kwa mfano wa mtungi wa udongo unaopoza maji majumbani mwetu. Matokeo hayo yanahusu chanjo ile ya mbwa waliyoipima. Chanjo nyingine, zikiwamo za watu, bado hutunzwa kwa masharti yake. Ila maana yake ni kwamba umbali wa kijiji si udhuru tena wa mbwa wake kukosa kinga.

Fiqhi ya mbwa na jeraha

Sasa turudi kwenye swali la tohara, kwa sababu ndilo linalowazuia baadhi ya ndugu zetu kuwapeleka mbwa kwenye chanjo. Kufuga mbwa kwa ajili ya mifugo, shamba na uwindaji kumeruhusiwa, na wanazuoni wengi wamelipima na hayo suala la ulinzi wa mali. Qur'ani imetaja mbwa wa uwindaji waliofunzwa katika Suratul Maida, na mbwa wa Watu wa Pango katika Suratul Kahf. Nasi sote tunaikumbuka ile habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, mbwa ni najisi nzito. Lakini najisi huhama kwa unyevu. Mkavu akimgusa mkavu hakuna kinachohama. Basi mshike mbwa wako kwa kamba au mnyororo, mpeleke kwa afisa mifugo, na mate yakikugusa, osha mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyofundishwa. Hakuna sababu ya mbwa anayelinda ng'ombe au duara la Mwislamu kukosa chanjo kwa sababu mwenyewe anaogopa najisi. Anayefaidika na ulinzi wa mbwa anabeba dhamana ya madhara yake.

Ila tutahadhari sana na jambo moja. Udongo ule ni kwa ajili ya chombo, nguo na ngozi iliyo nzima. Usitiwe kwenye jeraha, kwani udongo huleta pepopunda. Sheria haikuja kumdhuru mja, na dharura ina hukumu yake. Mwenye shaka juu ya tohara ya kidonda amwulize sheikh wake baada ya kutoka hospitali, si kabla.

Mama na baba mfanye nini

Kwanza, osheni jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Kirusi hiki hakistahimili sabuni. Msipake majivu, mafuta ya taa, kahawa wala dawa ya kienyeji, na msilifunge kwa kulikaza.

Pili, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, na hata kama mbwa ni wa jirani mnayemheshimu. Kama chanjo haipo hapo, ombeni mwelekezwe hospitali iliyo nayo. Jeraha likiwa la kina, daktari aweza kuongeza dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda.

Tatu, malizeni dozi. Hutolewa siku ya kuanza, siku ya 3 na siku ya 7, na kwa njia nyingine ya uchomaji huendelea zaidi. Zile sindano nyingi za tumboni zilizowatisha wazee wetu zimepitwa na wakati. Leo huchomwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo.

Nne, wafundisheni watoto kusema. Mtoto wengi humficha mzazi jino la mbwa kwa kuogopa fimbo, hasa kama alikuwa akimchokoza mnyama. Mwambieni leo kwamba akija kusema hatapigwa. Neno hilo laweza kuwa uhai wake.

Tano, mjue mbwa mgonjwa: mpole aliyegeuka mkali, au mkali aliyegeuka mnyonge, sauti iliyobadilika, kung'ata vijiti na mawe, mate yanayodondoka na taya lililolegea. Usitie mkono mdomoni mwake ukidhani amekwamwa na mfupa. Na ng'ombe au mbuzi aliyeng'atwa kisha akaugua asikimbiliwe kuchinjwa. Aitwe afisa mifugo.

Wajibu wetu wa pamoja

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalieleza kuwa takriban Watanzania 1,500 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka. Duniani hukadiriwa kuwa watu 59,000. Mashirika ya kimataifa ya afya ya watu na ya wanyama yamejiwekea lengo la kuvikomesha vifo vinavyotokana na mbwa ifikapo 2030, na kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, huadhimishwa siku ya ugonjwa huu duniani.

Kwa upande wetu tunapendekeza mambo mawili yasiyohitaji kungoja mtu. La kwanza, kila msikiti utangaze baada ya Sala ya Ijumaa siku na mahali pa chanjo ya mbwa, kama unavyotangaza chanjo ya watoto, na kamati iulize kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo ni lini. La pili, kila kamati itenge sehemu ndogo ya sadaka kwa ajili ya nauli na dozi za aliyeng'atwa asiye na uwezo. Dozi ni ghali kwa mchimbaji aliyetoka shimoni mikono mitupu, na mzazi wa namna hiyo ndiye anayeshawishika kusema, "Jeraha limepona, basi yamekwisha." Kumbe siku za kimya ndiyo kwanza zimeanza.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atujaalie kuchukua sababu kabla ya kutawakali. Wabillahi tawfiq.